Walioimba kwa Diwani

Mwaka ule wa vyama vingi, hata mkono wa mtu ulikuwa na siasa yake. Ukiinua kidole kimoja, wewe ni wa chama cha serikali. Ukiinua viwili, wewe ni mpinzani, na usishangae barua ya mtoto wako ya kuombea karo ikipotelea kwa chifu. Ndululu alimwona kwa macho yake mzee mmoja akifokewa sokoni Nunguni na Mutie, naibu wa chifu, kwa kosa la kumwonyesha mwenye duka kwamba anataka viberiti viwili.

"Sema kwa mdomo!" Mutie alimkemea. "Mdomo ulipewa wa nini?"

"Nikisema kwa mdomo pia mnanishika," mzee akajibu. Akalipa, akaenda zake na kiberiti kimoja.

Ndiyo maana vijana wa Kilonzo, walipoanza kupita vijijini wakihimiza watu wajiandikishe kupiga kura, walikubaliana kusalimia kwa kiganja kizima, vidole vyote vimetandazwa, asipate mtu wa kuvisoma. Kilonzo alikuwa mwana wa mchungaji, kijana mrefu aliyevaa koti la marehemu mjomba wake, mikono ikiwa imemfikia chini kidogo ya viwiko. Kila ua alioingia alisema maneno yaleyale: "Sisi hatuna chama. Sisi tunakufikisha kwa karani tu. Ukishaandikwa, utakayempigia ni shauri lako."

Alipoyasema uani kwa Ndululu, Ndululu alitema mate kando. Hakuwa na neno na Kilonzo. Ila katika maisha yake alikuwa amesikia watu wengi wakisema hawana upande, na wote baadaye aliwaona wamekaa kwenye viti vya mbele.

Hata hivyo kura aliitaka. Aliitaka kuliko mvua. Kipande chake, kile cha kitambulisho, alikiweka ndani ya kopo la majani ya chai, juu ya kenchi, na kila Jumapili alikitoa kuangalia kama panya hawajakigusa. Alikuwa na mtu mmoja wa kumng'oa, na mtu huyo alikuwa Kiema, diwani wao.

Kiema alikaa ng'ambo ya bonde, upande wa Syathani, penye shule na duka na barabara ya kupitika na gari. Ndululu na wenzake walikaa Uthini, upande wa juu, penye ukungu na mawe. Miaka ile ya kupiga kura kwa mlolongo, watu wa Uthini waliposhuka wakapanga foleni nyuma ya mpinzani wa Kiema, foleni yao ilipinda ikazunguka choo cha shule. Ya Kiema haikufika mlangoni mwa darasa. Akatangazwa Kiema. Sasa serikali ilikuwa imebanwa na kura ilikuwa inarudi ndani ya sanduku, na hakuna Mkamba wa upande huu wala ule asiyejua hesabu hiyo: Uthini wote wakiandikwa, Kiema kwisha.

Basi sababu ya Ndululu kumtaka Kiema atoke haikuwa ya siasa. Ilikuwa ya mkewe, Mbinya.

Walipoambiwa watajengewa zahanati, Mbinya ndiye aliyekuwa ngui, yaani yule mwenye kuanzisha wimbo wengine wakaitikia. Wanawake walitoa mchanga mtoni wakaupandisha kwa karai kichwani, na Mbinya mbele akiimba, mpaka ukuta ukasimama. Kiema akaja na utepe, akaukata, akahutubia mpaka watoto wakasinzia, akafunga mlango kwa kufuli, na kufuli ile haikufunguliwa tena. Muuguzi hakuletwa. Dawa hazikuletwa. Baridi ya Julai ilipompiga Mbinya kifuani, Ndululu alishuka mbio kwenda kuomba pikapu ya diwani. Akaambiwa imekwenda kubeba viti vya mkutano.

Viti. Mpaka leo neno hilo halijamtoka mdomoni bila meno kusagana. Viti vilipanda gari, na Mbinya akabebwa kwenye kitanda cha kamba mabegani mwa wanaume, akapitishwa mbele ya zahanati aliyoijenga, akakata roho wakiwa hawajafika hata kiwanda cha kahawa.

Tangu hapo Ndululu alitoka kwenye mwethya. Mwethya ni kazi ya zamu: leo kundi zima linachimba mitaro ya kushika udongo kwako, kesho kwangu, na mwenye shamba anapika. Mtu asiyekwenda kwa wengine haendewi. Mitaro ya Ndululu ikabomoka mmoja baada ya mwingine, udongo ukashuka bondeni, naye akiuangalia tu.

Sasa vijana wa Kilonzo walikuwa wameshika mtindo huohuo. Walijua ukimwita mtu mkutanoni kusikiliza habari za kura atakwambia ana ng'ombe wa kunywesha. Lakini ukija kumchimbia shamba, jirani zake wote watakuja kuangalia, na wakishakuja, mchana mnashuka nao wote pamoja kwenda shuleni kwa karani. Anayeita mwethya hanyimwi, awe tajiri, awe mlevi, awe wa chama chochote. Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni yao, na waliiamini kuwa ndiyo dawa ya upendeleo.

Na ngui wao alikuwa Mumbua, binti ya Ndululu.

*

"Asa," Mumbua alimwita baba yake kwa Kikamba jioni moja, wakipukuchua mahindi pamoja. Alikuwa amemaliza kidato cha nne na hakuwa na kazi, kama wenzake wote. "Diwani ameita mwethya."

"Aite polisi wamwombee msamaha."

"Asa, nisikilize."

"Nakusikiliza. Mmemwambiaje?"

"Kilonzo anasema hatuwezi kumkataa. Hatujamkataa mtu. Tukianza kuchagua leo, hiyo ndiyo siasa yenyewe."

"Kilonzo ana mama yake anampikia uji asubuhi. Kwake ni rahisi kutokuwa na upande."

Mumbua aliokota punje zilizoruka. "Wa Syathani pia ni watu. Wanahitaji kuandikwa."

"Waandikwe. Nani amewakataza? Lakini nakuuliza wewe ngui. Mkifika pale, mtamwimba?"

Wote wawili walijua jibu. Anayechimbiwa huimbwa kwa jina lake, na la baba yake, na sifa atafutiwe hata kama hana. Mwethya usiomwimba mwenye shamba ni matusi, ni kama kula kwake na kumwaga mboga mlangoni.

"Hata yule mwizi wa kuku tulimwimba," Mumbua alisema mwishowe. "Tulisema anaamka mapema."

Ndululu alitaka kucheka, akajizuia. "Basi mwimbeni Kiema hivyohivyo. Semeni anapenda viti."

"Asa, ni adabu tu. Si kura."

"Mama yako aliimba adabu. Alimwimba Kiema kwa mchanga kichwani. Unajua Kiema alimlipa nini."

Mumbua aliinuka, akachukua ungo, akaingia jikoni. Siku iliyofuata alitoka na jembe begani kabla ya jogoo kutulia, na Ndululu alijifanya amelala.

Asubuhi ile ukungu ulipopanda, yeye alikuwa shambani kwake peke yake, anaziba ufa wa mtaro kwa mawe. Kwanza alisikia filimbi. Kisha majembe, mengi, yakishuka pamoja. Halafu ikapaa sauti ya msichana peke yake, ikavuka bonde zima kama imetupwa na teo, na Ndululu akasimama na jiwe mkononi. Ilikuwa sauti ya Mbinya. Sauti ya marehemu, na ndio ule wimbo wake wa mchanga, ule ambao mwishoni unapanda ghafla kama mtu anayeruka mtaro. Msichana akaimba: *Kiema mwana wa Ndolo, nani amefika mlangoni kwake akarudi na njaa?* Na vijana wote wakaitikia kwamba hayupo, hayupo, hayupo.

Jiwe lilimponyoka. Alikaa chini kwenye udongo unyevu, na hakuziba ufa tena siku ile.

Jioni Mumbua alirudi na harufu ya nyama nguoni. Diwani alikuwa amechinja fahali, jambo ambalo mwethya haulijui. Mwethya unalishwa muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa, na maharagwe. Alikuwa pia ameleta kofia zenye alama ya chama, na Kilonzo akazikataa zote mbele ya watu.

"Aliudhika kabisa," Mumbua alisema. "Mutie akasema tuna kiburi. Unaona, Asa? Hatukuzipokea."

"Kofia mlikataa. Na nyama?"

"Tulichimba, tukala. Kila mahali tunachimba, tunakula."

"Nzuri?"

Mumbua alikwenda kunawa mikono.

*

Siku ya soko, Ndululu alipeleka kabichi Nunguni. Watu walikuwa wengi, baridi kali, wanawake wamejifunga leso mpaka puani. Pikapu ya Kiema ikaja polepole katikati ya wauzaji, na juu ya paa lake palikuwa na spika iliyofungwa kwa kamba za katani. Ndani ya spika alikuwa Mumbua.

*Nani amefika mlangoni kwake akarudi na njaa?*

Hayupo, hayupo, hayupo.

Kumbe siku ile ya mwethya kulikuwa na mtu wa Kiema amekaa kibarazani na redio ya kaseti. Wimbo wote ulikuwa umenaswa, na majembe ndani yake, na filimbi. Mwishoni mwa wimbo sauti ya mwanamume iliongeza: "Vijana wote wa kujiandikisha wako nyuma ya diwani!" Kisha kaseti ikarudishwa mwanzo.

"Si huyo ni binti yako?" mwenye kibanda cha viazi alimuuliza Ndululu. "Ana koo, Mungu ambariki. Wamemlipa vizuri?"

Ndululu aliziacha kabichi pale chini. Hakuuza hata moja. Alipanda Uthini kwa miguu, na kila ua aliopita aliingia. Alisema alichokuwa nacho moyoni, na siku ile alikuwa na mengi. Alisema vijana wale ni wa Kiema tangu mwanzo. Alisema ukiwapa jina lako umempa Kiema jina lako. Alisema asishuke mtu na wale watoto, mpaka waletwe wengine.

"Waletwe na nani?" aliuliza Syokau, ajuza jirani yake, mjane wa miaka mingi, mwenye ulimi uliowachosha wachungaji wawili. "Karani ni mmoja, na yuko shuleni. Njia ni hiyohiyo."

"Tutakwenda wenyewe. Siku yetu. Kwa pamoja."

"Siku gani?"

"Nitawaambia."

Maneno yakishatoka mdomoni yanajiotea miguu. Kufikia Jumapili, kanisani, Ndululu aliyasikia yakimrudia yakiwa yamenenepa: kwamba anayeandikwa kupitia vijana anaingizwa chama bila kujua, kwamba kipande chake kinachukuliwa, kwamba shamba lake litapimwa. Hayo yeye hakuyasema. Lakini alipoulizwa, alikuna kichwa tu, akasema na serikali hii lolote linawezekana.

Mumbua alilia siku nzima, kisha akaacha kulia, akaenda yeye na Kilonzo kwa Kiema kudai kaseti.

"Alisemaje?" Ndululu aliuliza, ingawa alikuwa ameapa kutouliza.

"Alicheka. Akasema, 'Wimbo ni wa nani, binti? Si wa aliyeimbwa?'"

Kwa desturi yao ilikuwa kweli. Wimbo wa mwethya unaachwa shambani kwa mwenyewe, kama mitaro. Hakuna aliyewahi kurudi kuudai.

"Tukaenda kwa Mutie," Mumbua akaendelea. "Mutie akasema, 'Ninyi si mlikula?' Basi."

"Nilikwambia."

"Uliniambia, Asa. Na kisha ukaenda ukawaambia Uthini wote. Uliniambia mimi kwa nini, kama ungewaambia na wao?"

*

Siku za kuandikisha zikapita. Ndululu alikuwa akiitafuta ile siku ya kushuka kwa pamoja, lakini mara mvua, mara matanga ya mtu, mara wanaume wamekwenda Mbumbuni kununua mbuzi. Ukweli ni kwamba kukusanya watu ni kazi yenye ufundi wake, na yeye alikuwa amekaa nje ya makundi muda mrefu mno. Akashtukia imebaki siku moja.

Na siku hiyo moja asubuhi, vijana wakaingia shambani kwake na majembe.

"Hatukuitwa," Kilonzo alisema, kiganja wazi. "Lakini zamu ya kwao Mumbua ilikuwa haijafika, na leo ni mwisho. Ukitufukuza tutakwenda, mzee wetu."

Ndululu aliangalia mitaro yake iliyobomoka. Aliangalia binti yake, ambaye hakuwa akimwangalia. "Chimbeni," akasema.

Wakajipanga mstari, wakaanza. Majembe yalishuka pamoja, tu, tu, tu. Ndululu alingoja. Filimbi haikulia. Sauti haikupanda. Akangoja tena, mpaka akaelewa kwamba hawataimba. Walikuwa wamekubaliana baada ya ile kaseti: hakuna wimbo tena, kwa mtu yeyote, ili asipatikane wa kusema wameimba upande.

Ilikuwa kazi ya kutisha. Jembe na pumzi, jembe na pumzi. Wakamba huchimba kimya mahali pamoja tu, na kila mtu anapajua. Majirani waliokuwa wamekuja uani kuchungulia walianza kurudi nyuma mmojammoja. Syokau alifika mpaka kwenye ua wa minyaa, akashika kiuno.

"Ndululu! Amekufa nani?"

"Hajafa mtu. Ni mwethya."

"Mwethya gani huu? Ngui ameng'olewa ulimi?"

"Hawataki kuonekana wana upande."

"Basi wana upande wa makaburini," Syokau akasema, akajifunga leso, akaondoka. Waliobaki wakamfuata. Ua ukabaki mtupu.

Mumbua alisikia yote. Hakuinua kichwa. Jasho lilimtoka puani likadondoka kwenye mtaro wa baba yake.

Mchana Ndululu aliwapakulia muthokoi alioupika mwenyewe, nusu umeungua na nusu haujaiva. Walikula bila kulalamika, hata mmoja akamsifu, na hapo ndipo kitu kilipomvunjika kifuani. Watoto hawa walikuwa hawajui kitu. Wakubwa waliowafundisha kuwaza kwamba mtu anaweza kupita kati ya Kiema na Uthini bila kuchafuka nguo, hao ndio walikuwa na makosa. Aliingia ndani, akatoa kipande chake koponi.

"Twendeni," akasema.

*

Shuleni meza ilikuwa moja, ya pande zote mbili za bonde. Karani alikuwa kijana mgeni mwenye mafua, na nyuma ya kiti chake alisimama Mutie na fimbo yake ya cheo. Foleni ilikuwa ndefu kwa vile watu wengi walisubiri mpaka mwisho. Ndululu alisimama, akasogea, akasogea tena. Kisha akageuka kuangalia nyuma yake, na akaangalia mbele.

"Kilonzo," aliuliza polepole. "Wa Uthini wako wapi?"

Kilonzo alishangaa. "Hawajashuka, mzee. Tangu ile kaseti. Wachache tu wa mwanzoni ndio waliandikwa."

"Wachache kina nani?"

Kilonzo akawataja, wote wakaisha kwa pumzi moja.

Mbele yake, nyuma yake, kote, zilikuwa nyuso za Syathani, watu wema, watu aliosoma nao shule ya msingi kabla hajaacha, na kila mmoja wao angempigia Kiema, kwa kuwa kwao barabara ilikuwa imefika. Angeandikwa yeye, Ndululu. Kura yake moja ingeingia sandukuni kama punje ya mtama kwenye gunia la mahindi.

"Mnafunga saa ngapi?" alimwita karani.

"Kumi na moja."

Akatoka kwenye foleni.

"Asa!" Mumbua alimkimbilia, akamshika mkono wa shati. "Unakwenda wapi? Andikwa kwanza. Umebakiza watu kidogo."

"Kidogo hao watakula saa nzima. Nikingoja hapa sitawahi kupanda na kushuka."

"Basi niende mimi."

"Wewe watakusikiliza? Mimi ndiye niliyewakataza." Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kulikiri kosa hilo. Ilimtoka haraka, kwa binti yake tu, na hakungoja jibu.

Alipanda kilima kile kama hajazeeka. Nyua zile zile, milango ile ile. Kwa wa kwanza alisema karani anangoja. Wakamuuliza kama shamba halitapimwa. Kwa wa pili wakamuuliza nani amekufa kwake asubuhi. Alipofika kwa Syokau alikuta wenzake wengi wamekaa jikoni wakiota moto, nao ndio aliowataka.

"Inukeni," alisema, anahema. "Leo ni mwisho. Chukueni vipande, twende."

Syokau alisukuma ukuni. "Kwenda na watoto wa Kiema?"

"Si wa Kiema. Kiema aliwaibia sauti. Ni huyo Kiema, na Mutie, na hii serikali iliyoweka meza moja Syathani ili sisi tuchoke na kilima. Wanajua wanachofanya hawa. Wanajua siku zote."

"Sawa. Lakini sisi tulikatazwa na Mutie?"

"Hapana."

"Na serikali?"

"Syokau, wakati unakwisha."

"Najua wakati. Miguu hii yangu ukiitaka ishuke, nataka nijue ni nani aliyeikalisha. Sema tu, mwana wa watu. Haliumi."

Wote walimwangalia. Ndululu alifungua mdomo. Akasema serikali imekosea. Syokau akajiweka vizuri kwenye kigoda. Akasema Kilonzo alikosea kukubali kwenda kule. Mtu akakohoa. Akasema Kiema ni mwizi, na mama mmoja akasema hiyo si habari mpya. Moto ulipasuka, na nje kivuli cha mparachichi kilikuwa kimeshavuka uwanja. Muda wote huo mzee alisimama mlangoni akiwalaumu waliokuwa na cheo, mmoja baada ya mwingine, na wote walistahili, na hakuna aliyeinuka.

"Niliwaambia vibaya," alisema mwishowe. Sauti ilitoka ndogo. "Nilikuwa na uchungu wa wimbo wa Mbinya. Vijana hawana neno. Ni mimi."

"Haya," Syokau akasema, akajivuta kusimama. "Wewe mama yake Kavata, niletee fimbo yangu. Twendeni."

Walishuka wengi. Wengine walijiunga njiani walipoona wenzao. Wazee walishikwa mikono kwenye utelezi, na Ndululu alikuwa mbele akiwahimiza, na walipoipita zahanati yenye kufuli hakuigeuzia hata jicho. Walipotokea kwenye uwanja wa shule, meza ilikuwa juu chini ndani ya gari la serikali, miguu imeelekea mbinguni.

Mumbua alikuwa amesimama mbele ya gari lile, mikono imetandazwa, na Kilonzo kando yake. Walikuwa wamemzuia karani kadiri walivyoweza.

"Kijana," Ndululu alimwambia karani, "hawa watu wametembea."

"Nimewangojea zaidi ya saa yangu, mzee. Hawa wenzenu ni mashahidi." Karani alipenga kamasi. Hakuwa mbaya. "Vitabu nimefunga kwa lakiri. Nikifungua, kazi yangu imekwisha. Mimi nimetumwa tu."

"Wote mnatumwa. Anayetuma hatumwoni."

"Uthini mlikuwa wapi siku zote hizi?" Mutie alidakia. "Karani amekaa hapa mpaka ameshikwa na mafua. Sasa mje mseme serikali imewanyima."

Ndululu alikuwa na majibu, lakini wa Uthini wote walikuwa nyuma yake wanasikiliza.

Gari la serikali likaondoka. Halikupita muda ikaja pikapu ya Kiema, na Kiema mwenyewe akateremsha kioo. Alikuwa mtu mnene, mpole wa sauti.

"Wazee wangu," akasema, "giza linaingia na kilima kina utelezi. Pandeni niwafikishe. Mama zangu, pandeni."

Wanawake wakatazamana. Syokau aliangalia kilima, akaangalia magoti yake, akampa mtu fimbo amshikie, akapandishwa nyuma. Wengine wakafuata, kwanza wazee, kisha na wasio wazee.

"Ndululu, panda!" Syokau aliita kutoka juu. "Kura hatuna, hata miguu tuikose?"

Wakacheka, kicheko kifupi cha watu waliochoka. Ndululu alitikisa kichwa. Pikapu ikaunguruma ikapinda kona ya duka, ikapotea kwenye ukungu.

Akabaki yeye na Mumbua. Walianza kupanda, binti mbele, jembe begani. Walifika katikati ya kilima ndipo Ndululu alipouliza.

"Wewe uliandikwa?"

"Siku ya kwanza, Asa. Sisi wote wa kundi."

Basi nyumbani kwao palikuwa na kura. Moja. Ndululu alitembea hatua kadhaa akiipima hiyo furaha ndogo.

"Utampa nani?"

Mumbua hakusimama. "Hiyo haisemwi. Tulikubaliana hivyo."

"Mimi ni baba yako."

"Wewe ni baba yangu."

"Mumbua. Mama yako..."

"Namkumbuka mama," alisema, na sauti yake ilikuwa imechoka kabisa. "Namkumbuka kila nikifungua mdomo. Usiniulize, Asa."

Alitaka kuuliza tena. Alikuwa na haki, aliona, kuliko mtu yeyote Uthini. Alivuta pumzi aulize, akaona mgongo wa binti ukikaza chini ya jembe, ukingoja, na akalimeza swali. Wakaendelea kupanda.